Kasongo hadi Kinshasa: saa mbili angani, siku kadhaa njiani

Kati ya Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, na mji mkuu Kinshasa kuna karibu kilometa 1,250 ukipima kwa mstari ulionyooka. Kutoka Kabambare, ulio mashariki zaidi, ni kama kilometa 1,370. Ndege kubwa inayokwenda kilometa 800 kwa saa ingetumia kama saa mbili kutoka Kasongo, pamoja na muda wa kupaa na kutua.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimfikishi mtu Kinshasa. Wasafiri wengi wa kusini mwa Maniema hulazimika kwanza kwenda Kindu, makao makuu ya jimbo, kupanda ndege ya abiria. Angani, Kasongo na Kindu wametengana kwa kilometa 190 hivi. Kwa barabara ni zaidi ya kilometa 200, na wakati wa mvua matope yanaweza kuzuia malori kwa siku nyingi.

Mtu wa Kabambare ana kazi kubwa zaidi. Mpaka Kasongo ni kama kilometa 120 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo inayokwenda kilometa 250 kwa saa ingefika kwa nusu saa tu. Kwa pikipiki, katika njia mbovu, safari hiyo inaweza kumaliza siku nzima, na bado Kindu iko mbali.

Ndiyo maana kipande kifupi cha safari ndicho kinachochosha na kuchelewesha. Mgonjwa aliyepewa barua ya kwenda hospitali kubwa, mwanafunzi anayewahi kujiandikisha chuoni, mfanyabiashara aliyekwisha kulipa tiketi: wote wanaweza kuikosa ndege kabla hata ya kuiona, maana ndege haimngoji aliyekwama kwenye matope.

Kuna mambo mawili mengine yanayowapotosha wanaotafuta umbali kwenye simu. La kwanza ni jina. Kasongo ya Maniema si Kasongo-Lunda, iliyo jimbo la Kwango, karibu na mpaka wa Angola. Ukiambiwa kwamba Kasongo na Kinshasa hazifikishi kilometa 300, ujue umeonyeshwa mji mwingine.

La pili ni saa. Kinshasa iko nyuma ya Maniema kwa saa moja. Ndege ikitoka Kindu saa nne asubuhi na kuruka saa mbili, saa za Kinshasa zitakuwa saa tano. Wakati wa kurudi, ikiondoka Kinshasa saa nne, itatua Kindu saa saba mchana. Safari haikurefuka, ni saa za ukutani zilizobadilika.

Kwa hiyo anayepanga safari asianze kuhesabu pale ndege inapopaa. Aanzie mlangoni kwake, aulize hali ya barabara kwa waliotoka huko juzi, na aweke siku za akiba kabla ya tarehe ya tiketi, hasa kati ya Septemba na Mei, mvua zinaponyesha.