Alitambua picha bandia, akashindwa na cheti bandia

KATIKA filamu nyingi za mauaji, silaha huwa bastola, kisu au sumu. Katika filamu ya Kijerumani iitwayo ‘Der amerikanische Freund’, yaani Rafiki wa Kimarekani, bastola ipo na inafyatuliwa. Lakini silaha inayonitisha mimi ni karatasi ya hospitali. Ni majibu ya vipimo vya damu, yameandikwa kitaalamu, na mtu yeyote angeyaamini. Tatizo ni moja tu: si ya kweli.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1977 na huenda wengi wenu hamjawahi kuisikia. Hata hivyo nimeona niiandike hapa, kwani wasomaji wa ukurasa huu wataielewa pengine kuliko hao Wazungu waliotengenezewa. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, na ninyi mnaovuka mpaka kila wiki na mizigo, tunajua maana ya kuishi kwa karatasi. Kadi ya mgao, fomu ya kurejea kwa hiari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, cheti cha uasilia wa bidhaa: ukiwa nayo unapita, ukiikosa unalala upande wa pili wa kizuizi. Na sote tunajua kwamba karatasi hizo kuna watu wanaozitengeneza vichochoroni.

Mwongozaji ni Wim Wenders, Mjerumani aliyezaliwa Düsseldorf mwaka 1945. Kisa amekichukua kwenye riwaya ya mwaka 1974 ya Patricia Highsmith, mwandishi wa Kimarekani aliyebuni tapeli mmoja aitwaye Tom Ripley na kumwandikia vitabu vitano. Waliotazama filamu ya mwaka 1999 ambayo Matt Damon aliigiza kama Ripley wanamfahamu. Safari hii Ripley ni Dennis Hopper, na anatembea katika jiji la Hamburg akiwa amevaa kofia ya wachunga ng'ombe wa Marekani, kama mtu aliyesahau kwamba ameshashuka kwenye ndege.

Biashara yake ni picha za kuchora. Huko New York kuna mchoraji mzee, Derwatt, ambaye dunia nzima inaamini amekwishakufa. Kumbe yu hai, anaendelea kuchora, na Ripley anazisafirisha picha hizo hadi Hamburg na kuziuza mnadani kama kazi za marehemu. Mchoraji akifa hachori tena, na bidhaa isiyoongezeka bei yake hupanda. Hilo halihitaji mtu kwenda chuo kikuu ndipo alijue. Ajabu ni kwamba mkono uliochora ni wa Derwatt mwenyewe. Kilicho bandia ni kifo chake.

Mnadani hapo yupo Jonathan Zimmermann, fundi wa kutengeneza fremu za picha, aliyeigizwa na Bruno Ganz kutoka Uswisi. Ni mtu wa hali ya chini ukilinganisha na matajiri waliokaa pale mbele. Ana mke, ana mtoto mdogo wa kiume, nyumba yake inatazama bandari, na ana ugonjwa wa damu ambao unaweza kumwondoa wakati wowote. Lakini ana jicho. Anaitazama picha ya Derwatt na kuona kwamba rangi ya buluu haiko sawa. Baadaye anapotambulishwa kwa Ripley, anakataa kumpa mkono, anasema tu kwamba ameshasikia habari zake.

Kwetu kumnyima mtu mkono mbele za watu ni jambo zito, na kumbe Hamburg nako ni hivyo hivyo. Ripley hajibu. Anapodokezwa kwamba fundi huyu ni mgonjwa, anaiweka habari hiyo akilini. Kisha jambazi mmoja wa Kifaransa, Minot, anamjia akitafuta mtu wa kumuulia wapinzani wake, mtu asiyejulikana na polisi. Ripley anamtajia jina la Jonathan.

Hapo ndipo karatasi inapoingia. Kwanza ni uvumi: Jonathan anapata habari kwamba hali yake inasemekana imekuwa mbaya zaidi. Anakwenda kwa daktari wake wa siku zote, naye anamwambia hakuna kilichobadilika. Haamini. Wasiwasi ukishaingia, neno la kutuliza nalo huonekana kama la kuficha kitu. Minot anamgharamia safari ya Paris akapimwe na bingwa, na majibu anayoletewa ni ya kukatisha tamaa. Hesabu inayobaki ni ya kikatili: wewe unakufa tu, muue mtu usiyemjua, naye ni jambazi, na mkeo na mwanao wabaki na fedha.

Nimeitazama filamu hii na majirani hapa Buyenzi, kwenye kompyuta ndogo, mimi nikitafsiri nusu nusu. Mama mmoja anayeleta vitenge kutoka Uvira alinisimamisha. “Mwanangu, kwa nini hakurudi kwa daktari wake kuuliza tena?” Nilimjibu kwamba daktari wake ni wa mtaani, na Paris ni mbali na ni ghali. Mama akacheka. “Kama sisi,” akasema, “dawa ya ng'ambo.”

Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Mtu anayeweza kutambua buluu iliyokosewa kidogo kwenye kitambaa cha mchoraji hawezi kutambua uongo ulioandikwa kuhusu mwili wake mwenyewe. Kazini kwake anaamini macho, kuhusu maisha yake anaamini karatasi.

Msidhani ni hadithi tupu. Huko huko Ujerumani, mwaka 2011, mahakama ya Cologne ilimhukumu Wolfgang Beltracchi kifungo cha miaka sita. Yeye alikuwa akichora picha mpya na kuziuza kwa majina ya wachoraji mashuhuri wa mwanzoni mwa karne ya 20. Moja, iliyodaiwa kuwa ya Heinrich Campendonk ya mwaka 1914, iliuzwa mnadani Cologne mwaka 2006 kwa zaidi ya euro milioni mbili. Kilichomfichua ni rangi nyeupe yenye madini ya titani, ambayo mwaka 1914 wachoraji hawakuwa nayo bado. Lakini picha hizo zilipita muda mrefu kwa sababu zilikuwa na nyaraka: lebo za kughushi za mkusanyaji wa zamani zilizobandikwa nyuma, na hata picha ya kamera iliyofanywa ionekane ya kale, ambamo mke wa Beltracchi alijifanya bibi yake mwenyewe, nyuma yake ukutani zikiwa zimetundikwa kazi hizo. Wanunuzi waligeuza picha, wakasoma mgongo wake, wakaridhika.

Turudi kwenye filamu. Mauaji ya kwanza yanafanyika katika treni za chini ya ardhi za Paris, na sijaona mengi yanayoshinda hapo kwa kukausha koo. Jonathan si muuaji. Anamfuata mtu wake kutoka behewa hadi behewa, anakaribia, anarudi nyuma, karibu ampoteze, na wewe mtazamaji unajikuta huna hakika unamwombea afanikiwe au ashindwe. Baadaye tunamwona kupitia kamera za ulinzi, mtu mdogo anayekimbia kwenye skrini. Mauaji ya pili ni ndani ya treni nyingine, na hayo siyasimulii.

Nitasema tu kwamba Ripley anafika dukani kwa Jonathan kutengenezewa fremu, anakaa, anaangalia mikono ya fundi ikifanya kazi, na polepole anaanza kumpenda mtu ambaye yeye mwenyewe amemuuza. Urafiki unaotajwa kwenye jina la filamu ni huo. Jonathan hajui amefadhiliwa na nani katika balaa lake, na kila Ripley anapotabasamu, mtazamaji anasubiri siku atakapojua.

Kasoro zipo. Majambazi wanauana bila sisi kuelezwa vizuri wanagombea nini, na Wenders haonekani kujali. Mke wa Jonathan, aliyeigizwa na Lisa Kreuzer, angestahili nafasi kubwa zaidi, kwani ndiye pekee anayeuliza fedha hizi zinatoka wapi. Aidha, filamu ina zaidi ya saa mbili na haina haraka. Waliozoea ngumi kila dakika watasinzia.

Riwaya hiyo hiyo ilitengenezewa filamu tena mwaka 2002 na Liliana Cavani, akiwemo John Malkovich kama Ripley. Ukizikuta zote mbili kwa muuza diski, anza na ya Wenders, na hakikisha ina maandishi ya tafsiri chini, kwani humo wanazungumza Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa kwa zamu, kama tunavyofanya sisi sokoni.