King'amuzi cha Sauti katika Kichwa Kidogo cha Sogeza

Miongoni mwa waundaji wa reli ndogo za mezani huko Marekani, ambako kipimo kinachopendwa zaidi ni kile cha HO, yaani sehemu 1 katika 87 ya kitu chenyewe, imeenea dhana kwamba kichwa cha sogeza, maadamu ni kidogo na kazi yake ni kupangapanga mabehewa uwanjani, chaweza kutiwa king'amuzi chochote cha sauti, yaani kifaa kiendeshacho mota na kutoa sauti za injini, kitakachoenea ndani yake. Nami nashika kinyume cha hayo, kwa kuwa treni ya safari hupita mbele ya msikilizaji ikaenda zake, ilhali kichwa cha sogeza hushinda papo hapo, karibu na sikio, kikinguruma.

La kwanza ni asili ya mngurumo huo. Miongoni mwa vichwa halisi vya sogeza vya dizeli, NW2 ya kampuni ya EMD, iliyoundwa tangu 1939 hadi 1949, na S-2 ya kampuni ya ALCO, ya 1940 hadi 1950, zote zilikuwa na nguvu ya farasi 1,000. Lakini ile ilikuwa na silinda 12 za mipigo miwili, na hii silinda 6 za mipigo minne zilizopangwa safu moja, pamoja na tabo, hata aliyezizoea hadanganyiki. Shani zaidi ni kichwa cha GE cha tani 44, kilichofanywa chepesi kwa kusudi, kwani mapatano ya kazi ya 1937 katika reli za Marekani yalilazimisha awepo msaidizi wa dereva katika kila kichwa cha ratili 90,000 au zaidi. Hicho kilikuwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma ya chumba cha dereva, na kukitia rekodi ya injini moja ni kukipunja.

Lakini la ajabu kabisa, nalo aghalabu halitazamwi, ni namna king'amuzi kinavyoujua mwendo. Mara nyingi katika kila sekunde hukata umeme uendao kwenye mota, kwa lahadha isiyohisiwa, na katika lahadha hiyo mota, ambayo ingali yazunguka, hugeuka dainamo ikatoa volteji yake yenyewe, nayo ikipimwa hufichua kasi ya mzunguko. Mabehewa yakiwa mazito, volteji hiyo hushuka, king'amuzi kikaongeza umeme. Na katika vile vilivyotengenezwa kwa uangalifu mngurumo nao hukazana, kama hamali ajazaye pumzi kabla ya kuinua gunia. Fadhila ya jambo hili huonekana katika mwendo wa kutambaa, ambao ndio maisha ya kichwa cha sogeza. Kwa hiyo king'amuzi ambacho upimaji wake haurekebishiki ulingane na mota ndogo, kiwe na sauti tamu namna gani, mimi sikitaki.

Kisha yako masaibu ya magurudumu. Kichwa kifupi hupokea umeme kwa magurudumu manane tu, na kikivuka panda ya reli au kikikanyaga uchafu, umeme hukatika, sauti hunyamaza, na injini huwashwa upya kwa fedheha. Dawa yake ni kapasita ya kuweka akiba ya umeme, nayo yadai nafasi, hali spika nayo yadai yake. Hata hivyo spika ya milimita 11 kwa 15, iliyofungwa barabara katika kisanduku, hushinda kubwa iliyoachwa wazi, kwa sababu hewa isukumwayo na mgongo wa hiyo iliyo wazi hubatilisha ile ya mbele.

Linaloniudhi ni israfu ya kutupa king'amuzi kizima kwa kuwa rekodi yake haikufaa, ilhali LokSound ya ESU, ya Ujerumani, hufutwa ikaandikwa upya, na Tsunami2 ya SoundTraxx ina sauti za injini kadhaa ndani yake za kuchagua. Fauka ya hayo, rekodi njema ni adimu, kwani vichwa halisi vingi vimekwisha kukatwa vyuma chakavu, na wachache mno ndio waliojali kuvirekodi kwanza.

Mengineyo, honi, kengele, breki, feni, pampu ya hewa, mgongano wa mabehewa yakiunganishwa, taa, hupatikana karibu katika vyote. Pamoja na kitufe cha kunyamazisha, ambacho watu wa nyumbani hukipenda kuliko vyote.