Kabureta ikisumbua baada ya matengenezo, kosa si la mwinuko wa Kitale

MAGARI ya zamani yenye kabureta yangali yanaonekana katika barabara ya Kitale kwenda Bungoma, zikiwemo pikapu za Peugeot 504, Datsun na Toyota za miaka ya themanini. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake umepita miaka minane, hakuna mengine ya aina hiyo yanayokuja. Mwenye nalo hana budi kulitengeneza, na kabureta ni miongoni mwa vitu vinavyofunguliwa mara kwa mara.

Matatizo mengi huanza baada ya matengenezo hayo. Kabureta imeoshwa, imetiwa gasketi na sindano mpya, lakini gari linatoa moshi mweusi, linanuka petroli au linazimika kila linaposimama. Mwenye gari akilalamika, huenda akaambiwa kwamba kabureta ilirekebishwa Bungoma na hewa ya Kitale ni nyepesi mno.

Hoja hiyo ina ukweli, ila ni mdogo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Gari linapopanda kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia tano, na kiasi cha petroli katika mchanganyiko huzidi kwa asilimia mbili au tatu hivi. Injini inaweza kuwa nzito kidogo. Haiwezi kufuka kama tanuri la matofali kwa sababu hiyo pekee. Safari ya kuangaliwa zaidi ni ya Kitale hadi Mombasa, ambako gari lililopunguziwa petroli nyanda za juu hukuta hewa nzito na huweza kuchemka.

Kabla ya kuifungua kabureta tena, plagi zichomolewe zitazamwe. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi. Rangi nyeupe inaonyesha imepungua. Pointi za distributa na chujio la hewa pia zikaguliwe, kwani si mara moja kabureta imelaumiwa kwa kosa la umeme.

Ikiwa petroli imezidi, mshukiwa wa kwanza ni boya. Hiki ni kifaa kinachoelea ndani ya chumba cha petroli, na kinapopanda husukuma sindano ili kufunga njia. Boya la shaba likitoboka hujaa petroli na kuzama, na petroli huendelea kumiminika. Litikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, limekwisha. Tundu lisiloonekana hutambulika kwa kulitumbukiza boya katika maji ya moto, mbali na jiko, na kuangalia mapovu. Ikiwa ni zima, kipimo cha kimo chake hakikuzingatiwa, au uchafu umekaa chini ya sindano. Washa nene kuliko ile ya awali chini ya kiti cha sindano hutosha kubadili kimo hicho.

Vifurushi vya vipuri vinavyouzwa vikidaiwa kufaa magari ya aina nyingi navyo vina hila yake. Gasketi yaweza kulingana na kabureta kwa umbo, kumbe imeziba tundu moja dogo la hewa. Ilazwe juu ya ile kuukuu na matundu yahesabiwe.

Gari linalokohoa, au linaloenda tu choki ikiwa imevutwa, lina dalili za kinyume. Hapo kuna hewa inayopenya chini ya kabureta au kwenye mpira uliopasuka, ama tundu la jeti limeziba. Baadhi ya mafundi hunyunyizia petroli ili kugundua mahali hewa inapoingia, na huo ni mchezo wa kuteketeza gari. Maji ya sabuni yanatosha: yakidondoshwa penye ufa, hunyonywa na mngurumo wa injini hubadilika. Jeti nayo isafishwe kwa upepo wa pampu, wala si kwa waya. Waya hupanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna skrubu itakayolirudisha.

Kwa kabureta nyingi za Kijapani, gari likizimika kila unapoachilia mafuta, tazama waya unaokwenda kwenye vali ndogo ya umeme iliyo ubavuni. Ufunguo ukiwashwa na waya huo ukagusishwa mahali pake, mlio mdogo sharti usikike. Waya uliosahaulika umewafanya watu wanunue kabureta nzima bure.

Skrubu ya mchanganyiko iguswe mwisho, injini ikiwa imepata moto. Huikazi kwa nguvu, maana ncha yake huharibika. Ikiwa hakuna kipimo cha mtengenezaji, ifungwe taratibu hadi ikome, ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu, kisha itafutwe pale injini inapozunguka kwa utulivu. Mwenye gari wa Bungoma anayefika Kitale mara moja kwa mwezi airekebishe huko huko Bungoma.

Vipuri vilivyotolewa visitupwe siku hiyo. Viwekwe kando hadi gari liwe limekwenda Webuye na kurudi, limesimama kwa dakika kumi likiwa moto, na kuwashwa tena bila petroli kudondoka.