Kiingereza cha kuzungumza na hatari ya ada ya kutanguliza

Mjapani wa kawaida husoma Kiingereza shuleni kwa miaka isiyopungua sita, lakini masomo hayo yameelekezwa kwenye mitihani ya kuingia chuo kikuu. Anahitimu akiijua sarufi, ila mdomo mzito. Pengo hilo ndilo lililozaa eikaiwa, shule binafsi za mazungumzo ambazo watu wazima huhudhuria wakitoka kazini. Biashara hii inapoyumba, wengi hulaumu ubora wa walimu: vijana wa kigeni wenye digrii yoyote ile, wanaoajiriwa kwa sababu tu Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini kinachoziangusha kampuni hizi ni namna zinavyokusanya ada.

Tuiangalie Nova, iliyoanzia Osaka mwaka 1981 na kufikia matawi zaidi ya 900. Darasa lake la kawaida halikuzidi wanafunzi wanne. Mwalimu wa sarufi anaweza kufundisha ukumbi mzima. Wa mazungumzo hawezi, kwa kuwa kila mwanafunzi lazima apate zamu ya kusema. Gharama kwa kila kichwa ni kubwa, na kodi ya chumba karibu na kituo cha treni haingoji. Nova ikauza masomo kwa pointi zinazolipiwa mapema: aliyenunua 600 kwa mkupuo alipata kila moja kwa bei nafuu. Aliyeacha njiani na kudai chake alikuta pointi alizokwisha kutumia zimehesabiwa upya kwa bei ya juu, na salio limeyeyuka. Mwezi Aprili 2007 Mahakama ya Juu ya Japani ilibatilisha hesabu hiyo, na mwezi Juni serikali ikaizuia Nova kwa miezi sita kuuza mikataba mipya ya zaidi ya mwaka mmoja. Ilipofika Oktoba kampuni ilikuwa imekimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, huku maelfu ya walimu hawajalipwa. Kuzuiwa mikataba mirefu tu kuliitikisa kiasi hicho, maana ada za wanafunzi wapya ndizo zilizokuwa zikigharimia masomo ya wale wa zamani.

Wenye shule hujitetea kwamba lugha haijengeki kwa mwezi mmoja, na kwamba aliyekwisha lipa hatakata tamaa upesi. Hoja ya kwanza ni sahihi. Ya pili inasahau kwamba mwanafunzi aliyelipa asihudhurie ni faida tupu kwa shule, kwa hiyo shule haina haraka ya kumrudisha darasani. China ililiona hilo: mwaka 2018 ilikataza vituo vya masomo ya ziada kwa watoto kupokea ada ya zaidi ya miezi mitatu kwa mara moja.

Mwaka uleule Nova ilipoanguka, kampuni ya Tokyo iitwayo RareJob ilianza kuwaunganisha Wajapani na walimu wa Ufilipino kwa intaneti: mwanafunzi mmoja, dakika 25, malipo kwa mwezi. Kodi ya chumba imetoweka, na mteja asiyeridhika haachi nyuma ada ya miaka. Gharama ya saa tupu, hata hivyo, haikutoweka nayo. Sasa inambana mwalimu anayefundishia nyumbani kwake na kulipwa kwa kila somo: jioni isiyo na mwanafunzi haimwingizii kitu.