Oili ya giaboksi na transfa: kila boksi na oili yake

Katika kipindi cha asubuhi alipiga simu dereva mmoja wa huku kwetu milimani. Anaendesha Land Rover 110, na pale kijijini gari ni hilo moja tu. Mchana linashusha viazi sokoni. Usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu, ndilo linalompeleka kituo cha afya.

"Kaka," alisema, "tangu nibadilishiwe oili ya giaboksi, asubuhi gia ya pili haiingii mpaka nilazimishe. Gari likishapata moto, afadhali kidogo."

Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema fundi alipofungua boliti ya chini, oili iliyotoka ilikuwa nyekundu na nyepesi. Fundi akacheka: aliyetangulia alikosea, akaweka oili ya stelingi kwenye giaboksi. Basi akajaza oili nzito ya 90.

Kwa kweli aliyetangulia hakukosea. Kwa kuwa simu hiyo ilileta maswali mengi, nimeona niyaandike maelezo haya hapa ili uyasome kwenye simu yako kwa nafasi.

Boksi zenyewe ni zipi?

Gari la magurudumu manne lenye gia za mkono huwa na sehemu nne zenye oili ya gia. Ya kwanza ni giaboksi, iliyo nyuma ya injini na klachi. Ya pili ni transfa, lile boksi lililoungana na giaboksi, ambalo linagawa nguvu kwenda propela ya mbele na ya nyuma. Ndiyo unayoishika unapovuta ule mkono mfupi kuingiza gari kwenye gia nzito za matope. Ya tatu na ya nne ni difu ya mbele na difu ya nyuma.

Sehemu hizi zinakaa jirani, lakini kazi zao si moja. Ndiyo maana oili inayoifaa difu yaweza kuidhuru giaboksi.

Kwa nini oili nyekundu kwenye gia za mkono?

Land Rover ya dereva wetu ina giaboksi ya gia 5 inayoitwa LT77. Kiwanda kiliagiza iwekwe ATF, ile oili nyekundu ya aina ya Dexron tuliyozoea kuiona kwenye gari za otomatiki na kwenye stelingi. Ndani ya giaboksi hiyo kuna pampu ndogo inayosukuma oili kwenye vijitundu vyembamba. Oili nzito, hasa asubuhi ya baridi, hupita humo kwa shida.

Lakini transfa iliyoungana nayo, LT230, haitumii ATF. Yenyewe inataka oili ya gia ya 90 EP. Boksi mbili zimeshikana, na kila moja ina oili yake. Zile Land Rover za zamani zaidi, za Series, zilitumia oili ya 90 EP kwenye giaboksi na kwenye transfa pia. Kwa hiyo fundi aliyejifunzia kwenye Series anaweza kukosea kwenye 110 akidhani anasahihisha.

Magari mengine yana desturi zake. Isuzu nyingi za gia za mkono hutumia oili ya injini kwenye giaboksi. Hilux na Land Cruiser nyingi za miaka ya nyuma hutumia oili ya gia ya 75W-90, giaboksi na transfa, na matoleo mapya zaidi ya Toyota yana oili zake maalumu. Huwezi kuchukua jibu la gari la jirani ukaliweka kwenye la kwako.

Namba za kwenye dumu zina maana gani?

Dumu la oili ya gia lina mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni uzito wa oili, kama 75W-90, 80W-90 au 85W-140. Namba yenye W inaeleza oili inavyotembea kwenye baridi: ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi asubuhi. Namba ya mwisho inaeleza uzito wake ikishapata moto. Hapa wengi tunadanganyika. Namba za oili ya gia hazipimwi kwa kipimo kile cha oili ya injini. Oili ya gia ya 90 ikiwa ya moto inakaribiana uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Si kwamba ni nzito mara mbili.

La pili ni daraja: GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kukinga meno ya gia yanayosuguana kwa nguvu nyingi, na ndiyo inayofaa difu. Lakini ndani ya giaboksi ya mkono kuna pete, mara nyingi za shaba ya njano, zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Pete hizo zinahitaji kushika kidogo ili gia zilingane mwendo. Baadhi ya oili za GL-5 zinateleza mno kwa kazi hiyo, na dawa yake inaweza kuila shaba taratibu. Kwa hiyo kitabu cha gari kikisema GL-4 peke yake, usikubali kuambiwa kwamba tano ni kubwa kuliko nne na hivyo ni bora. Kikiruhusu zote mbili, kama kwenye Toyota nyingi nilizozitaja, hapo hakuna tatizo.

Utaijuaje oili ya gari lako?

Anza na kitabu cha gari. Kama hakipo, na magari mengi hutufikia bila kitabu, fungua boneti utafute kile kibati chenye namba za gari. Kipige picha. Kwa aina ya gari, mwaka na aina ya giaboksi, unaweza kutafuta kitabu kwenye intaneti au kumwonyesha muuza spea anayejua kazi yake.

Usichague kwa rangi, kwa maana rangi ni ya kutiwa tu. Epuka pia oili ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji, kwa sababu chupa haina maandishi na hutajua kilichomo. Nunua dumu lililofungwa na upige picha maandishi yake kabla ya kumpa fundi.

Siku ya kubadilisha oili

Simamisha gari mahali tambarare na uzibe magurudumu. Fungua kwanza boliti ya juu ya kujazia, ndipo ufungue ya chini ya kumwagia. Ukianza na ya chini, halafu ya juu ikagoma, utabaki na giaboksi tupu na gari lisilokwenda popote.

Itazame oili inayotoka. Ungaunga laini kwenye boliti yenye sumaku ni kawaida, lakini vipande vya chuma si kawaida. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Hili hutokea sana masika. Boksi likiwa la moto ukaingia nalo mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Ukivuka maji marefu, kagua boksi zote nne.

Jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, isipokuwa kitabu kikisema vingine. Ukiona giaboksi inapungua huku transfa inaongezeka, sili iliyo kati yake imechoka na oili inahama. Na oili chafu usiimwage chini wala mtoni. Iweke kwenye dumu, mbali na watoto.

Dereva wetu alirudi kwa fundi yule yule, wakamwaga oili ya 90 na kurudisha ATF kwenye giaboksi. Alinipigia tena. Gia zinaingia vizuri asubuhi, isipokuwa ya pili bado inakwaruza kidogo, kwa sababu aliilazimisha kwa wiki tatu na pete yake imelika. Siku moja giaboksi itabidi ifunguliwe, na hiyo ni gharama ya magunia kadhaa ya viazi.

Sasa ameandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti: GIABOKSI ATF, TRANSFA 90. Fundi yeyote atakayelala chini ya gari hilo atasoma kwanza. Ukishapata uhakika wa oili za gari lako, nawe andika.