Mzee anapofunga kimya kimya

Mzee mwenye kisukari anayetumia insulini akifunga Ramadhani au Kwaresima bila kumwambia mhudumu wa afya, sukari yake inaweza kushuka ghafla hadi apoteze fahamu. Wengine hawasemi kwa sababu wanaogopa kuchekwa au kukemewa.

Ndiyo maana katika kazi ya ustawi wa jamii, imani ya mzee si jambo la pembeni. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na haki hiyo haiishi pale mzee anapoanza kulishwa na kuogeshwa na wengine.

Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, dini na tiba ni majirani wa siku nyingi. Hospitali ya Litembo ni ya Kanisa Katoliki, na ile ya Mtakatifu Anna kule Liuli ni ya Waanglikana. Wapo pia Waislamu, na wapo wanaoshika mila za mababu. Jina la mzee au kijiji chake havitoshi kukuambia anaamini nini.

Muulize mwenyewe

Afisa ustawi, au wewe unayemtunza mzazi nyumbani, anza na haya: Kuna chakula usichokula? Unafunga siku zipi? Ukiugua, nani aje kukuombea? Nani akuogeshe?

Majibu yamfikie daktari kabla ya mfungo kuanza, apange upya dozi na saa za dawa. Mkumbushe mzee pia kwamba Uislamu humruhusu mgonjwa asifunge, na sheria ya Kanisa Katoliki haimlazimishi kufunga aliyefikisha miaka 60. Neno hilo likitoka kwa shehe au padri wake, atalipokea vizuri zaidi.

Heshima ina mpaka

Mzee akiacha vidonge vya presha kwa kuwa ameombewa, msimdhihaki. Mwombeni kiongozi wake wa dini amweleze kwamba sala haizuii dawa. Lakini anayemwita bibi mchawi kwa sababu ya macho mekundu asivumiliwe. Moshi wa kuni pekee unatosha kuyafanya macho yawe hivyo. Toeni taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji, polisi au afisa ustawi.

Mhudumu naye asimvute mzee kwenye dini yake. Anayekutegemea kwa chakula hawezi kukukatalia kwa uhuru.

Jioni ya leo, mwache mzazi wako amalize sala, ndipo umpe dawa. Kisha muulize atafunga lini.