Feng Shui Dzaleka na Lilongwe: kuchagua nyumba na kupanga chumba cha kulala

Kwa familia inayotafuta chumba cha kupanga mjini Lilongwe, au inayogawa vyumba viwili kwa watu saba katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mahali pa kuweka kitanda si suala la urembo. Ni suala la usingizi, afya na stara. Feng Shui, elimu ya kale ya Wachina kuhusu mpangilio wa makao, ina majibu yake. Baadhi yanafaa Malawi kama yalivyo, mengine yanapaswa kugeuzwa, na mengine hayana ushahidi wowote.

Feng Shui ni nini?

Maneno hayo mawili ya Kichina yana maana ya "upepo" na "maji". Mojawapo ya maandishi yake ya kale, Kitabu cha Maziko, kwa desturi huhusishwa na mwanazuoni Guo Pu, aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324. Msingi wake ni imani kwamba kuna nguvu ya uhai iitwayo qi, ambayo hutawanywa na upepo na kutulizwa na maji. Nyumba njema ni ile inayoipokea nguvu hiyo bila kuiacha ipite mbio.

Sayansi haijathibitisha kuwapo kwa qi, na katika China yenyewe chama tawala kimekuwa kikiihesabu Feng Shui kuwa ushirikina. Hata hivyo, kanuni zake nyingi zilitokana na uchunguzi wa jua, baridi, mafuriko na upepo, mambo ambayo mpangaji yeyote hana budi kuyatazama.

Dira ya China haisomeki vivyo hivyo Malawi

Feng Shui husifu nyumba iliyopakana na mlima upande wa kaskazini na kufunguka upande wa kusini. China ina sababu ya kusema hivyo: baridi kali hutoka kaskazini, na jua la majira ya baridi huwa upande wa kusini.

Lilongwe iko takriban nyuzi 14 kusini mwa Ikweta, na mambo yamegeuka. Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na upepo wa baridi huvuma kutoka kusini-mashariki. Dirisha linalotazama kaskazini ndilo litakaloingiza joto. Nalo dirisha la magharibi litakifanya chumba kuwa tanuri jioni za Oktoba, mwezi wa joto kali. Mtu anayefuata kanuni za Kichina neno kwa neno ataishia kupokea upepo na kukosa jua.

Kabla ya kulipa kodi

Mpangaji wa Lilongwe huanza na sheria kabla ya dira. Malawi iliweka masharti juu ya haki ya wakimbizi ya kufanya kazi na kutembea popote ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Mwaka 2023 serikali iliwataka wakimbizi waishio mijini warejee Dzaleka kufikia tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei operesheni ya kuwahamisha kwa nguvu ikaanza Lilongwe. Waliokuwa wamelipa kodi ya miezi kadhaa au kufungua maduka walipata hasara kubwa. Kwa hiyo, mkimbizi asitoe fedha kabla ya kuwa na uhakika wa kibali chake, na malipo yote yawe na stakabadhi.

Baada ya hapo maji hutangulia. Kipindupindu kilichozuka Malawi mwezi Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700. Inafaa kuuliza maji ya kunywa hutoka wapi, choo cha shimo kiko umbali gani, na maji ya mvua hupita upande upi. Nyumba iliyo bondeni huvutia wakati wa kiangazi, lakini kati ya Novemba na Aprili mvua huonyesha ilipojengwa. Alama ya unyevu chini ya ukuta ni ushahidi ambao rangi mpya haiwezi kuuficha kwa muda mrefu. Katika nyumba za matofali mabichi, kama zilivyo nyingi za Dzaleka, ukuta uliolowa waweza kuanguka. Mtaro mfupi wa kuzunguka nyumba huokoa mengi.

Kitanda kikae wapi?

Feng Shui hushauri mchago uegemee ukuta imara, alalaye auone mlango, lakini kitanda kisinyooke nao. Kulala miguu ikielekea mlangoni hufananishwa na maiti anayetolewa nje. Ukiacha mfano huo wa kutisha, faida yake ni dhahiri: anayeuona mlango hulala kwa utulivu, na kitanda kilichojitenga na njia hakipigwi na upepo wala kukanyagwa na wapitao.

Kuepuka kulala chini ya dirisha nako kuna mantiki, kwa sababu ya baridi, manyunyu na mkono wa mwizi. Ushauri wa kutoelekeza kioo kitandani, kwa upande mwingine, hauna ushahidi wa kiafya. Ni suala la mapenzi ya mtu.

Wasomaji Waislamu wana dira yao pia. Kutoka Malawi, Kibla kiko karibu kaskazini kamili, kikielemea mashariki kidogo, na wengi huona si adabu kunyoosha miguu upande huo. Pale desturi mbili zinapogongana, mwenye nyumba ndiye anayejua ipi inampa usingizi.

Watu wengi, nafasi ndogo

Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu hutaja angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu ndani ya makazi. Chumba cha mita tatu kwa nne, basi, ni cha watu watatu. Familia nyingi haziwezi kutimiza kipimo hicho, lakini zinaweza kupanga vizuri kilichopo.

Pazia hugawa chumba cha wazazi na cha watoto bila kuzuia hewa. Magodoro na mikeka inayokunjwa asubuhi hurudisha sakafu kwa matumizi ya mchana. Kila mahali pa kulala papangwe kulingana na pale chandarua kinapoweza kuning'inia na kuchomekwa chini ya godoro, kwa kuwa malaria ipo mwaka mzima. Kitanda kisigusane na ukuta wenye unyevu.

Jambo moja halina mjadala: jiko la mkaa lisiwekwe chumbani usiku, hata likionekana limezimika. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Hatari ni kubwa zaidi Juni, pale baridi inapowafanya watu wazibe kila tundu.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mtaalamu wa kulipwa. Kutazama ukuta baada ya mvua, kufuatilia jua kwa siku moja na kufungua dirisha asubuhi ni mambo yasiyo na gharama, na mpangaji anaweza kuyafanya mwenyewe kabla ya kuingiza kitanda ndani.